Fremu Inapong'aa Kuliko Picha

Hapa kambini, mtu akitaka kuonyesha kuwa picha ni ya maana, anaitafutia fremu ya rangi ya dhahabu. Picha ya harusi, picha ya Bikira Maria, picha ya kiongozi ofisini, zote hivyo hivyo. Nikisema nataka kuandika kuhusu fremu, wenzangu wa kikundi cha vijana wananicheka: "We nawe, fremu tu!" Lakini mimi naona fremu nayo inasema. Inamwambia mtazamaji jambo kuhusu picha kabla hajaiangalia vizuri. Kama inasema uongo, tuna haki ya kuikosoa kama tunavyokosoa shairi au mchezo wa jukwaani.

Kwanza tuitendee haki dhahabu yenyewe, maana kuivisha fremu dhahabu ni ufundi mkubwa. Kwa njia ya zamani ya Ulaya, fundi anaanza na mbao iliyochongwa. Anaipaka gundi iliyochemshwa kutoka ngozi ya mnyama, mara nyingi sungura. Kisha anachanganya gundi hiyo na unga wa chaki, anapaka mkono wa kwanza, wa pili, pengine mpaka wa nane, halafu analainisha mpaka nyuzi za mbao hazionekani tena. Juu yake unakuja udongo laini, mara nyingi mwekundu, nao umechanganywa na gundi. Hapo ndipo dhahabu inaingia. Imefuliwa mpaka unene wake uko karibu na sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Huwezi kuishika kwa vidole, itachanika. Inabebwa kwa brashi pana ya nywele laini. Fundi analowesha udongo, anasogeza dhahabu karibu, nayo inanata mara moja. Ikikaribia kukauka anaisugua kwa jiwe la akiki mpaka inang'aa kama dhahabu nzima. Mchoraji wa Italia, Cennino Cennini, aliyeandika kitabu cha mafunzo karibu mwaka 1400, anataja hata meno ya mbwa na ya simba kwa kazi hiyo ya kusugua.

Kuna njia nyingine, ya mafuta. Unapaka mafuta maalum yanayonata, unasubiri yabaki na unato kidogo tu, unalaza dhahabu juu. Inavumilia unyevu zaidi, ila huwezi kuisugua ikapata mng'ao ule.

Kwa nini watu walihangika hivyo? Sababu moja ni mwanga. Picha zilitundikwa kanisani na kwenye majumba yaliyowaka mishumaa. Dhahabu iliyozunguka picha ilishika ule mwanga mdogo na kuurudisha. Yaani fremu ilikuwa na kazi ya kufanya. Sababu nyingine ni fedha: tajiri alitaka mgeni ajue yuko nyumbani kwa nani. Hizo sababu mbili zimetembea pamoja muda mrefu, na mkosoaji lazima ajue kuzitenganisha.

Wapo wachoraji waliozitenganisha kabla yetu. Huko Ufaransa miaka ya 1870, Pissarro na Degas walijaribu fremu nyeupe na za rangi, wakiona dhahabu inazipiga kelele picha zao. Mwaka 1887 Vincent van Gogh alichora matunda, zabibu na ndimu, karibu picha nzima ni ya manjano. Akachukua brashi akaipaka na fremu yake manjano, mistari ya brashi ikiendelea kutoka kwenye picha mpaka kwenye mbao. Picha hiyo ipo Amsterdam na fremu yake ile ile. Mimi nimeiona kitabuni tu, lakini hata kitabuni unaelewa: hakuna mahali picha inakwisha na fahari ya mwenye nyumba inaanza. Fremu inaisaidia picha kuongea. Hicho ndicho kipimo changu.

Sasa nije kwenye maonyesho yetu ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 mwezi wa sita. Shirika moja, sitalitaja, lilituletea fremu za plastiki zenye rangi ya dhahabu, zote saizi moja. Nia ilikuwa nzuri na tulishukuru. Ila picha za vijana hazikuwa saizi moja. Walichora kwenye karatasi walizozipata: nyuma ya kalenda, kwenye kartoni, kwenye karatasi za mradi uliokwisha. Basi picha zikakatwa ziingie. Binti mmoja wa kikundi chetu alikuwa amechora Ziwa Tanganyika na mtumbwi umejaa watu. Upande wa kushoto, ufukweni, alichora watu watatu wadogo wadogo wamesimama. Ni wale waliobaki. Mkasi ulipita hapo hapo. Wageni waliona mtumbwi unaoelea kwenye dhahabu, wakasema picha ina matumaini. Picha ile haikuwa imesema hivyo. Iliyosema ni fremu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku ile kilichojitembeza ni ile rangi ya pembeni.

Na kuna jambo lingine, wale tuliotoka Kivu Kusini mtanielewa haraka. Kamituga, Misisi, hayo majina tunayajua. Dhahabu kwetu siyo kwanza urembo. Ni shimo, karai, matope, na mwenye bunduki anayesubiri juu ya shimo achukue chake. Gramu moja ya dhahabu ikifuliwa inaweza kufunika karibu nusu mita ya mraba. Nilipoijua hesabu hiyo nilikaa kimya, nikifikiria kijana anavyoshinda maji mpaka magotini akitafuta kagramu kamoja. Sisemi dhahabu ni dhambi. Nasema ukimvisha mtoto wa Kivu rangi hiyo kuzunguka picha ya safari yake, umeongeza neno kwenye hadithi yake bila kumuuliza.

Kuna pia swali la ukarabati, maana fremu kadhaa zilishaanza kuchubuka na mtu ameleta kopo la rangi ya kupuliza. Hapa mafundi wa fremu za zamani wana somo kwetu. Adui yao mmoja mkubwa ni mtu aliyependa fremu akaipaka upya yote kwa rangi ya unga wa shaba. Siku ya kwanza inawaka. Baadaye shaba inafubaa, inakuwa kahawia, na dhahabu halisi iko chini yake haionekani. Fundi mzuri hafanyi hivyo. Hasafishi kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ile gundi ya ngozi inayeyuka na dhahabu inaondoka nayo. Anajaza pale tu palipobomoka: chaki, udongo, dhahabu kidogo. Kisha anaipunguza ile sehemu mpya mng'ao ili isiwashinde majirani zake wa zamani. Na pale dhahabu ilipolika kwa miaka mpaka udongo mwekundu unachungulia, mara nyingi anapaacha. Ule wekundu ni umri wa fremu, si aibu yake.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya kukarabati na kufunika, na nadhani haiko kwenye mbao peke yake. Ndugu zetu wa mashirika, mnapoandika habari zetu kwa wahisani, mna kopo la kupuliza mkononi. "Kutoka machozi hadi mafanikio" ni kopo la kupuliza. Na sisi vijana tunalo letu: tunapoambiwa tutajichora, tunachora njiwa na jua linachomoza kwa sababu tunajua ndivyo vinavyotundikwa.

Kwa hiyo mapendekezo yangu ni haya. Ile rangi ya kupuliza irudishwe stoo. Fremu zijazo tuzitengeneze wenyewe kwa mabaki ya mbao ya karakana ya useremala. Vijana watano wameshajifunza kukata pembe ya nyuzi 45 na kuibana. Mbao iachwe na rangi yake, au mwenye picha aipake anavyotaka. Anayetaka dhahabu apake, ni haki yake, mradi ameamua yeye. Na kila picha ipimwe kwanza, urefu na upana, vipimo viandikwe kwenye daftari la kituo kabla mtu yeyote hajaenda sokoni. Daftari lipo kwenye meza ya mlangoni tangu Jumatatu. Picha nne zimeshaandikwa, na mbili kati ya hizo ni ndefu kuliko meza.