Tafsiri Maradufu ya Ascham: Sarufi au Uigaji?

Roger Ascham husifiwa hasa kwa kuipinga fimbo darasani. Hata hivyo, jambo zito zaidi katika The Scholemaster (1570), kilichochapishwa baada ya kifo chake, ni mbinu ya tafsiri maradufu. Mwanagenzi, akishajifunza aina nane za maneno, huifasiri barua ya Cicero kwa Kiingereza. Baada ya muda huirejesha katika Kilatini bila kutazama matini asilia. Kanuni hufafanuliwa humo humo ndani ya matini, na hilo ni pato kubwa. Tatizo limo katika masahihisho. Mwalimu hamkaripii mtoto. Humwonyesha neno ambalo Cicero angelitumia. Hivyo sentensi iliyo sahihi kisarufi, ila si ya Cicero, hurekebishwa sawa na iliyokosewa, na mwanagenzi haambiwi tofauti yake.