Neno "Siasa" na Kilimo cha Ugogo

Ndugu walimu na wachungaji, neno hili siasa limegeuka vinywani mwetu. Kamusi za zamani zalieleza kuwa ni upole, utaratibu na uangalifu. Aliyeambiwa atende jambo kwa siasa aliambiwa alitende taratibu, bila nguvu. Asili yake ni Kiarabu, na huko lahusu pia kumtunza farasi na kumwongoza. Siku hizi mtu asemapo, "Msitie siasa katika jambo hili," maana yake ni kwamba wenzake wanyamaze.

Mwezi wa Mei 1972 wakuu wa TANU walikutana Iringa, wakatoa azimio lililoitwa Siasa ni Kilimo. Maneno ni matatu tu, na uzuri wake haukataliki: jembe, lililodharauliwa na wasomi wengi, lilipewa kiti cha heshima barazani. Lakini yafaa tuyapime hapa Ugogo. Tangu mwaka 1971, katika Operesheni Dodoma, Wagogo walihamishwa kutoka tembe zao zilizotawanyika, wakakusanywa vijijini. Sababu zilizotajwa ni njaa na ukame, tena kuwaletea watu shule na maji karibu. Sababu hizo si za kudharauliwa. Walakini Mgogo hakutawanya makao yake kwa ujinga. Mvua ya kwetu hunyesha hapa ikaruka pale, na ng'ombe wataka malisho mapana. Hilo lilikuwa neno la kilimo hasa. Lakini kilimo kilipokwisha kuitwa siasa, mkulima mwenye kuuliza habari za mvua aliweza kuhesabiwa kuwa mpinzani.

Upungufu wa maneno yale matatu ndio huu: yampa mkulima heshima, hayampi nafasi ya kujibu.

Tena yatufundisha jambo. Anayeuliza siye anayelifanya neno kuwa la siasa. Limekuwa la siasa tangu wachache walipokata shauri kwa ajili ya wengi. Kisima kichimbwe wapi, nani ahame, nani abaki: hayo ni siasa hata pakiwa kimya. Mara nyingi anayekataza wengine wasitie siasa ndiye aliyetangulia kuitia.

Basi mkutanoni, mzazi akiuliza habari za michango ya shule, au mshiriki akiuliza hesabu za sadaka, tusimnyamazishe kwa neno hilo. Na tumjibu kwa siasa, kwa maana ile ya kale.