Kodi, Mshahara na Mwisho wa Mwezi: Usawiri wa Kijana Mfanyakazi wa Nairobi katika Riwaya

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, mji umepewa kazi moja tu, nayo ni kupoteza watu. Mhusika huondoka kijijini akiwa mzima, huingia mjini kwa kiu ya mali au ya starehe, kisha hurudi akiwa ameharibika, kama ana bahati ya kurudi. Ruwaza hii imekaririwa katika tasnifu na katika vitabu vya mwongozo hata imegeuka kuwa kama kanuni ya utanzu wenyewe. Haiwezi kusemwa kwamba ni ya uongo, kwani mifano yake ni mingi. Kasoro yake ni kuwa inamruka yule aliye wa kawaida kabisa mjini: kijana aliyeajiriwa, anayedamka alfajiri na kurudi magharibi, asiyepotea wala asiyetajirika, na ambaye swali lake kubwa ni kama mshahara utatangulia kufika kabla ya mwenye nyumba kubisha hodi.

Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu 509,286 mjini Nairobi. Ile ya 1989 ilihesabu 1,324,570, na ya 2019 ikafikia 4,397,073. Ongezeko la namna hii halikuletwa na makahaba na majambazi peke yao, ingawa msomaji wa riwaya angeweza kusamehewa akidhani hivyo. Waliokuja walikuwa makarani, vibarua wa mjengo, wauzaji wa madukani, matarishi, walimu, mafundi wa gereji, wapiga taipu. Ni wapi katika fasihi maisha yao ya kila siku yamepata kusimuliwa kwa uzito unaostahili?

Jibu, kwa upande wa Kenya, linaelekeza kwenye kazi mbili ambazo hazikuandikwa kwanza kwa Kiswahili. Ya kwanza ni *Going Down River Road* (1976) ya Meja Mwangi, iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ya pili ni *Caitaani Mutharabaini* (1980) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoandikwa kwa Kikuyu wakati mwandishi alipokuwa kizuizini katika gereza la Kamiti mwaka 1978, na ambayo wasomaji wa Kiswahili wameipata kama *Shetani Msalabani* tangu 1982. Idara za Kiswahili zimeelekea kuziacha kazi hizi mikononi mwa idara jirani, kana kwamba mpangaji wa Jericho hubadilika akivuka ukumbi mmoja wa mihadhara kwenda mwingine.

Katika riwaya ya Mwangi, Ben aliwahi kuwa mwanajeshi, akafukuzwa, na sasa ni kibarua katika ujenzi wa jumba liitwalo Development House. Kejeli ya jina hili iko wazi mno kiasi cha kutohitaji mhakiki. Jambo linalohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi ni namna jumba hilo linavyotumika kupima wakati. Kila ghorofa inayopanda ni riziki ya leo, na papo hapo ni hatua moja kuelekea siku ambayo kazi itakwisha na vibarua wataachishwa. Kwa hiyo bidii ya mfanyakazi inamsogeza kwenye ukosefu wa kazi. Mwangi hasemi hivi mahali popote kwa maneno ya hotuba. Analiacha jengo lenyewe liendelee kupanda, na msomaji analiona linavyowatisha wale wanaolijenga.

Ilhali jumba linapanda, makao ya Ben yanashuka. Anaanza katika nyumba ya Wini, mwanamke aliyekutana naye baa. Wini anapotoroka na bosi wake Mzungu na kumwachia mtoto wake wa kiume aitwaye Baby, Ben anaondolewa katika makao hayo, na hatimaye anaangukia kibandani kwa rafiki yake Ocholla, katika mtaa ambao askari wa baraza la jiji huja kuuchoma moto na wakazi huujenga upya. Mistari hii miwili, wa jengo na wa makao, ndiyo kiunzi hasa cha riwaya. Msomaji anayetafuta mgogoro baina ya wema na uovu ataikosa hadithi, kwa sababu mgogoro ulioko ni baina ya mtu na gharama ya kulala.

Kuhusu pombe, ambayo imejaa katika kurasa za kitabu hiki, wahakiki wengi wamekuwa wepesi wa kulaumu. Husemwa kwamba Ben na Ocholla ni walevi, na kwamba ulevi ni dhihirisho la kuporomoka kwa maadili mjini. Hata hivyo, inafaa kuuliza mtu wa mapato hayo angekaa wapi baada ya kazi. Chumba hakina nafasi ya kupokea mgeni, pengine hakina taa, na kurudi mapema ni kukutana na anayedai kodi. Baa ya bei nafuu ndiyo sebule ya mtu asiye na sebule. Kusema hivi si kuutetea ulevi; ni kuukubali kama sehemu ya uchumi wa siku, badala ya kuuweka katika orodha ya dhambi.

Vivyo hivyo kuhusu Baby. Ben hamtaki mtoto huyu, wala hajifanyi kumtaka. Anamlisha kwa kuwa hapana mwingine wa kumlisha. Uhusiano wao unakua kwa ukali, kwa kutukanana, kwa kugawana kilichopo, bila mahali pamoja ambapo mwandishi anamfanya Ben atamke kuwa sasa amekuwa baba. Hapa ndipo uhalisia wa Mwangi unapofikia kilele chake, na ni ajabu kwamba sehemu hii hutajwa kwa nadra kuliko matukio ya River Road yenyewe.

Upungufu mkubwa wa riwaya hii uko kwa Wini. Inaelezwa kwamba amepata kazi ya uhazili, lakini ofisi yake haiingiwi. Msomaji anaijua saruji ya Development House, vumbi lake na wanyapara wake; mashine ya taipu ya Wini haisikiki hata mara moja. Kuondoka kwake na mwajiri kunaonekana kutoka upande wa kitanda alichokiacha, na kwa hiyo kunasomeka kuwa ni usaliti tu. Kilichotokea ofisini miezi hiyo yote kabla ya kuondoka hakijulikani.

Pengo hilo ndilo linaloshughulikiwa na Ngũgĩ. Jacinta Wariinga wa *Shetani Msalabani* ni mhazili pia. Anapoteza kazi kwa kumkataa Bosi Kihara, mpenzi wake anamwacha, na mwenye nyumba wa Ofafa Jericho anamtolea vitu nje kwa mkono wa wahuni. Mambo hayo matatu yanapangwa kama mnyororo: mwili ukikataliwa, mshahara hukatika, mshahara ukikatika, mapenzi na paa huenda pamoja. Kwa hiyo kodi katika riwaya hii si mandhari ya nyuma. Ni nguvu inayosukuma msuko, kwani bila kufukuzwa chumbani Wariinga hangepanda matatu ya Mwaura kwenda Ilmorog, na bila safari hiyo hapana riwaya.

Lililo zito zaidi kifani ni kisa cha Kareendi, ambacho Wariinga anakisimulia kabla ya safari. Kareendi ni jina la msichana yeyote wa Nairobi aliyesomea taipu, akazunguka kutafuta kazi, na kila ofisi akakuta kwamba mtihani wa kuajiriwa haufanyiwi mezani. Kwa kulifanya jina moja liwabebe wengi, mwandishi anatatua tatizo linaloisumbua riwaya yoyote ya maisha ya kila siku: mambo ya kila siku hujirudia, na kujirudia kunachosha. Usimulizi wa kimapokeo, ambao haujali kurudia na hata hufurahia kurudia, unaugeuza uchovu huo kuwa mdundo. Mwangi, aliyeshikilia uhalisia wa moja kwa moja, hakuwa na zana hii, na baadhi ya kurasa zake za katikati zinaonyesha hivyo.

Lakini Ngũgĩ naye analipa gharama yake. Baada ya karamu ya wezi pale Ilmorog, riwaya inaruka miaka miwili, na Wariinga anarejea akiwa fundi wa mitambo, mwenye kujiamini na uwezo wa kujilinda. Mageuzi haya yamesifiwa sana, hasa na uhakiki wa mrengo wa Kimarx, na sifa hiyo ina msingi. Hata hivyo, miaka miwili iliyorukwa ndiyo hasa miaka ya kijana mfanyakazi: kulipa karo na kodi kwa wakati mmoja, kushinda karakana na kurudi kwenye vitabu, kuvumilia mzaha wa mafundi wanaume mpaka wazoee. Hayo yanasimuliwa kwa muhtasari, kwa sababu riwaya ina haraka ya kufikia risasi za mwisho. Shujaa amepatikana, mpangaji ametoweka.

Ukigeukia riwaya zilizozaliwa katika Kiswahili, swali linakuwa gumu zaidi. *Dunia Mti Mkavu* (1980) ya Said Ahmed Mohamed inawapa wafanyakazi nafasi ya heshima, lakini inawatazama zaidi katika mgomo, yaani katika siku ambazo hawafanyi kazi, na katika zama za mkoloni. *Utengano*, ya mwaka huohuo, inampeleka Maimuna Rumbalola kwa Mama Jeni. Uhakiki umezoea kusema kwamba hapo ndipo anapoporomokea. Haijazoeleka kusemwa kwamba Rumbalola ni mahali pa kazi pia, penye mwajiri, zamu, ujira na ujuzi, kwani Maimuna anaimba na sauti yake ndiyo inayoleta wateja. Kuisoma riwaya hiyo kwa jicho la kazi kungeonyesha kwamba mwandishi aliona mengi ambayo wasomaji wake hawakutaka kuyaona.

Riwaya pendwa ya Tanzania ya miaka ya 1970 na 1980 haisaidii sana katika jambo hili. Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa ni vijana wa mjini bila shaka, lakini hawagombei nafasi katika basi wala hawangojei mwisho wa mwezi. Huenda hiyo ndiyo siri ya kupendwa kwao na makarani waliokuwa wakivingojea vyote viwili.

Kwa upande wa Kenya, mkondo ulichukua njia ya istiari. Katama Mkangi alianza na *Ukiwa* (1975), iliyokuwa karibu na maisha ya vijana wa wakati wake. Baadaye akaja na *Mafuta* (1984), akawekwa kizuizini mwaka 1986, na mwaka 1995 akatoa *Walenisi*, ambapo nchi haina jina la kwenye ramani na wahusika wanabeba fikra kuliko mizigo. Sababu ya kisiasa inaeleweka, na hapana anayeweza kumlaumu mwandishi kwa kuficha mji ambao kuutaja kungemrudisha kizuizini. Lakini istiari ina tabia yake. Inaweza kubeba dhuluma, ufisadi na ukombozi. Haiwezi kubeba kodi ya chumba kimoja kule Kaloleni, kwa kuwa kodi hupungua maana mara tu inapokosa kiasi, tarehe na mlango wa kugongwa. Kezilahabi na *Nagona* (1990), kisha Wamitila na *Bina-Adamu!* (2002), waliendeleza njia ya kuuacha uhalisia kwa sababu nyingine, za kifalsafa na za kifani. Matokeo yake ni kwamba riwaya ya Kiswahili ilivuka kutoka kwenye hadithi ya mafunzo hadi kwenye majaribio ya kifani, na kituo kilichoko katikati, cha riwaya ya mshahara, kikapitwa karibu bila kusimama.

Utetezi mmoja hutolewa mara kwa mara, nao ni wa lugha. Inadaiwa kwamba kijana wa Eastlands huzungumza Sheng, kwamba Kiswahili sanifu kinywani mwake kinasikika kama nguo ya kuazima, na kwamba kwa hiyo mwandishi mwaminifu kwa lugha sanifu hana njia ya kumwandika. Hoja hii imekuzwa kupita kiasi. Mpangaji anayemwambia mwenye nyumba, "Nipe siku mbili, mzee, bado hatujalipwa," hajatumia Sheng wala lugha ya Lamu. Ametumia Kiswahili ambacho kila mtu anakielewa. Mazungumzo yenye uzito mkubwa katika maisha haya ni mafupi na mepesi kwa namna hiyo. Kikwazo cha kweli yamkini ni soko la shule. Riwaya nyingi za Kiswahili nchini Kenya huandikwa kwa jicho la kuteuliwa kuwa kitabu cha mtihani, na mtihani hutaka maudhui yanayoorodheshika: ufisadi, ndoa, elimu, nafasi ya mwanamke. Kuchelewa kwa mshahara kwa siku nne hakujapata kuwa swali la alama ishirini.

Kuna eneo moja ambalo hata Mwangi na Ngũgĩ wasingeweza kuliandika, kwani lilikuwa bado halijatokea. Wake za Ocholla wanapowasili kutoka kijijini pamoja na watoto, ujio wao unakuwa pigo kwa sababu ulikuwa umezuiwa kwa muda mrefu na umbali, nauli na kimya. Umbali huo ulikuwa mzigo wa mfanyakazi, lakini pia ulikuwa ngao yake. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2007, ombi la karo, la dawa au la mchango wa matanga linaweza kumfikia kijana akiwa kazini, saa nne asubuhi, na jibu linatarajiwa kabla ya saa sita. Hawezi kusema kwamba hakupata mtu wa kumpa bahasha. Bajeti ya chumba kimoja sasa ina mikono mingi ndani yake, na kila mkono unajua tarehe ya mshahara.