Nani Atampokea Sauna? Haki na Upatanisho katika Chozi la Heri

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, katika kuihakiki Chozi la Heri (2014) ya Assumpta Matei huenda umezoea kumweleza Sauna kwa sifa tatu: katili, mnafiki, mwenye tamaa. Sifa hizo ni za kweli na alama utazipata. Hata hivyo, zinaliacha nje swali zito.

Mlinganishe na Dick. Dick aliibwa akiwa mtoto, kisha Buda akamlazimisha kulangua dawa za kulevya. Alipojinasua alianzisha biashara halali, akaungana tena na ndugu zake, Umu na Mwaliko. Sauna naye alinajisiwa na Maya, mume wa mamake, na mama akamtaka anyamaze. Alitoroka kwao, na baadaye akawaiba wana wa Lunga na kuwapeleka kwa Bi. Kangara. Mkono wa sheria ukamfikia. Wote wawili walidhulumiwa kabla ya kudhulumu, lakini mmoja ana jamaa wa kumkumbatia, mwingine hana.

Utanijibu kwamba Dick alishurutishwa ilhali Sauna alichagua. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haki inayolenga kurejesha uhusiano huuliza mengine: nani ameumia, anahitaji nini, na nani ana wajibu wa kutengeneza kilichoharibika? Kwa maswali haya, hata hadithi ya Dick haijakamilika, kwani hatumwoni akiwakabili walioangamizwa na dawa alizobeba. Sauna naye haketishwi mbele ya Umu ili akiri na asikie uchungu aliousababisha.

Sisi wa huku Kutus tuna mifano ya karibu. Zamani, kiama cha Wagikuyu kiliamua kesi ya mauaji kwa fidia, na ukoo wa muuaji ukailipa familia iliyofiwa. Mfumo huo ulikuwa na dosari: mbuzi 100 kwa mwanamume, 30 kwa mwanamke. Siku hizi, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 huruhusu baadhi ya wakosaji, ambao kifungo chao hakizidi miaka 3, kufanya kazi ya umma badala ya kwenda jela. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 nacho huzitaka mahakama kuhimiza upatanisho.

Kosa la Sauna ni zito mno kwa huduma kama hiyo, wala sipendekezi aachiliwe. Ila kifungo kina mwisho. Siku atakapotoka, atarudi kwa nani? Kwa Maya?

Darasani mwetu huenda mna mwanafunzi ambaye baba au kaka yake ametoka gerezani. Tukisema "Sauna ni katili" tukakomea hapo, anatusikia, na huenda akaihukumu nyumba yake kwa kalamu yetu nyekundu.

Zoezi: "Sauna ni mkosaji na pia ni mwathiriwa." Jadili ukirejelea Chozi la Heri. (alama 20)