Rubani Hodari Hana Sinema

Mara ya kwanza kutazama Black Hawk Down nilikuwa mtoto, kwenye kibanda cha video hapa Masalani, tumebanana kwenye mabenchi, jenereta ikinguruma nje. Helikopta ya kwanza ilipotokea tukapiga mbinja. Wazee wawili waliokaa nyuma waliinuka wakatoka bila kusema kitu. Mmoja wao alikuwa na ndugu Mogadishu mwaka 1993.

Juzi nimeirudia, safari hii kwa simu. Ridley Scott aliitoa 2001, akaipigia Morocco, na hakuna Msomali aliyepewa nafasi kubwa ya kuigiza. Hilo limesemwa sana. Ilishinda Oscar 2, ya uhariri na ya sauti, na kusema kweli ilistahili: mlio wa yale mapanga unakuingia kifuani kabla hujaona kitu. Lakini jiulize, rubani anafanya nini hasa kule juu? Filamu haijui. Tunamwona akifika na tunamwona akidunguliwa. Katikati ni miwani na maneno ya redioni, basi.

Sehemu moja tu inanishika, ile ya mwanzoni. Watu wanapigwa risasi wakigombea chakula, helikopta iko palepale juu, na walio ndani wanaambiwa hawana ruhusa ya kuingilia. Kwa dakika chache tunatazama chombo chenye nguvu kikijizuia. Scott anaiona hiyo kama aibu ya kulipizwa baadaye. Mimi naona alikuwa ameshika mlango wa filamu nyingine kabisa, akaufunga.

Kwa sababu huku kwetu kujizuia ndiyo kazi yenyewe. Agosti 2012, hirola 48 waliingizwa ndani ya uzio wa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, si mbali na Masalani, na helikopta ilitumika kuwaswaga. Kiasili hirola ni wa mpakani mwa Kenya na Somalia tu, na waliobaki wanakadiriwa kuwa mamia machache. Sasa fikiria, bana. Swala akikimbizwa muda mrefu mwili unapata joto kali, misuli inaharibika, na anaweza kufa siku kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshapiga makofi akaenda zake. Kwa hiyo rubani anawasukuma kidogo, kisha anarudi nyuma, anawaacha wapumue. Anafanya hivyo kwenye hewa ya joto, ambayo ni nyepesi na haibebi chombo vizuri, na akishuka karibu na ardhi vumbi linapanda hadi haoni anapotua.

Kwenye moto ni vilevile. Ndoo ya lita 1,000 inaning'inia chini ya helikopta, tani nzima inayopenda kubembea. Ukishuka mno kumwaga maji, upepo wa mapanga unapuliza moto wenyewe. Ukipanda mno, maji yanatawanyika kabla ya kufika. Ustadi wote uko hapo katikati, na hapo katikati hapana mlipuko wa kuonyesha watu.

Usidhani basi nawapenda watengenezaji wa video za uhifadhi. Wao nao kamera yao iko ndani ya helikopta muda wote, muziki juu, na sisi tulio chini tunaonekana kama vichaka. Nani atajua kwamba mwaka 1996 wakazi wa huku walikwenda Mahakama Kuu kuizuia KWS isiwahamishie hirola Tsavo? Baadhi walikuwa tayari wamepelekwa. Kwa mtu aliyesimama chini mwaka huo, helikopta ilikuwa mwizi wa mifugo mwenye leseni. Miaka 16 baadaye ni chombo cha aina ileile, hirola walewale, ila wanyama wanabaki nyumbani. Tofauti hiyo huioni ukiwa umekaa karibu na rubani.

Mimi ningeiweka kamera chini, kando ya mchungaji aliyekusanya mbuzi wake wasitawanyike, kikoi kimeshikwa mkononi kisipeperuke. Mlio unakaribia, vumbi linaingia hadi mdomoni. Halafu ningeiacha kamera ikiwaka mpaka mlio upungue, hirola wapunguze mwendo, na mchungaji ateme mate, aanze kuhesabu mbuzi wake.