Dughulushi: ua la mwambani katika kopo la barazani

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani utakuta dirishani chungu kidogo chenye majani manene ya vinyweleo na maua ya zambarau. Wasambaa huliita ua hilo dughulushi, na asili yake ni milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akaliita Saintpaulia ionantha. Leo wanasayansi wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus.

Huku kwetu wengi hulinunua, likifa husema ni ua la nchi za baridi. Si kweli. Linakufa kwa sababu tunalitunza kama mchicha: jua la kutosha, ndoo ya maji, udongo mzito.

Tazama linakoota lenyewe. Hukaa kwenye nyufa za miamba, katika tabaka jembamba la majani yaliyooza, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Mizizi yake ni mifupi na myembamba, kwa kuwa udongo wa kuzamia haupo. Mvua hunyesha mara kwa mara, lakini maji huteleza mwambani yakaenda zake. Mmea huu basi umezoea unyevu, haujazoea kuloa. Ukiuweka katika chungu kikubwa, udongo usiofikiwa na mizizi hubaki na maji, na shina huoza kuanzia chini. Kopo la mtindi lililotobolewa kitakoni linautosha kabisa.

Mchanganyiko nao uwe mwepesi: mboji iliyoiva, mchanga wa mto na nyuzi za makumbi ya nazi. Wakazi wa pwani wawe waangalifu hapa. Makumbi yaliyofukiwa baharini ili yalainike hubeba chumvi, na chumvi huunguza mizizi. Yasuuze kwa maji baridi mara kadhaa kabla ya kuyatumia.

Kumwagilia ndiko kunakoua mimea mingi. Maji yenye ubaridi yakiangukia jani lenye joto, chembe za ndani huharibika na jani hubaki na madoa yasiyofutika. Ndiyo maana wazoefu huweka kopo ndani ya sahani yenye maji ya vuguvugu, mchanganyiko unyonye kutoka chini, kisha maji yanayobaki humwagwa. Rudia pale tu uso wa udongo unapokauka kidoleni.

Mwanga ufike bila jua kupiga moja kwa moja. Baraza yenye kivuli inafaa. Joto linalolipendeza ni nyuzi 18 hadi 24 hivi, kwa hiyo mtu wa Lushoto au Arusha ana kazi nyepesi kuliko wa Dar es Salaam, ambaye itambidi atafute kona yenye hewa na baridi zaidi nyumbani kwake.

Sifa ya ajabu ya mmea huu ni kuzaa kwa jani. Chagua jani la safu ya kati, lisiwe changa wala zee. Kata kikonyo mshazari kwa wembe safi, ubakize sentimita tatu hivi, ukichomeke katika mchanga wenye unyevu na ufunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Mizizi hutoka baada ya wiki chache. Baada ya miezi miwili au mitatu vichipukizi huibuka kwenye kitako cha kikonyo. Vikishakua, vitenganishe, kila kimoja na kopo lake.

Kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kung'oa dughulushi msituni. Aina kadhaa za jamii hii zinaishi katika vipande vidogo tu vya misitu, na ukataji miti unavipunguza. Ukipanda hadi misitu ya Amani, huko Usambara, litazame na uliache mwambani. La nyumbani, muombe jirani jani moja.