Kubwa Kuliko Nini? Ulinganishi katika Kiingereza cha Ripoti Zetu

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam na 3,699,872 katika Mkoa wa Mwanza. Akitakiwa kuziweka takwimu hizo mbili katika sentensi moja ya Kiingereza, mwandishi wa ripoti mara nyingi huandika: "The population of Dar es Salaam is larger than Mwanza." Msomaji ataelewa kilichokusudiwa, ila sentensi yenyewe inasema jambo jingine. Upande mmoja imeweka idadi ya watu. Upande wa pili imeweka mkoa mzima, ardhi na maji yake. Kinachotakiwa ni "larger than that of Mwanza". Nyepesi zaidi, na mimi ndiyo ninayoipendelea, ni "Dar es Salaam has more people than Mwanza".

Kosa hili watu hulisingizia Kiswahili, na si haki. Mwandishi makini wa Kiswahili husema idadi ya watu wa Dar es Salaam ni kubwa kuliko ya Mwanza. Hiyo "ya" inafanya kazi ile ile ya "that of", tena inaifanya vizuri zaidi, maana inabeba ngeli na kumrudisha msomaji moja kwa moja kwenye idadi. Tukiwa na wingi tunaandika "mishahara ya walimu ni midogo kuliko ya madaktari", na Kiingereza hapo hubadilika kuwa "lower than those of doctors". Ukiandika rasimu kwa Kiingereza na ukatilia shaka, iseme sentensi kwa Kiswahili kwanza. Pale unapohitaji "ya", "wa", "cha" au "za" baada ya "kuliko", ujue Kiingereza nacho kinahitaji kitu mahali hapo.

Msaada kama huo tunaupata kwenye sentensi tata. Chukua hii, ambayo inaweza kutokea katika andiko lolote la mradi: "The ministry consults donors more than farmers." Je, wizara inawauliza wafadhili mara nyingi kuliko inavyowauliza wakulima, au kuliko wakulima wanavyowauliza? Kiswahili hukata utata huo kwa "-vyo-" ndani ya kitenzi. Kiingereza hukata kwa kurudisha kitenzi kisaidizi: "than it does farmers" kwa maana ya kwanza, "than farmers do" kwa maana ya pili. Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alilishughulikia jambo hili katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762. Alifundisha kwamba umbo la kiwakilishi baada ya "than" hutegemea kitenzi kilichoachwa bila kutajwa. Waingereza wamebishana tangu hapo kama waandike "than I" au "than me". Kwa mwandishi wa ripoti ubishi huo hauna faida. Aandike "than I do" aendelee na kazi.

Kipo kweli kishawishi kinachotoka kwetu, nacho ni neno "zaidi". Kwa Kiswahili "bora zaidi kuliko" ni sahihi kabisa, kwa hiyo mkono unaandika "more better than" bila kusita. Kiingereza cha leo kinataka alama moja tu ya kulinganisha: ama "-er" mwishoni mwa kivumishi, ama "more" mbele yake. Zamani haikuwa hivyo. Katika Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, Antony analipandisha "most" juu ya kivumishi ambacho tayari kina "-est", na hakuna aliyemwona mjinga. Ni wanasarufi wa karne ya 18, Lowth akiwemo, walioipiga marufuku alama mbili, na marufuku hiyo ndiyo inayotawala mitihani, magazeti na majarida ya kitaaluma mpaka sasa. Maneno ya silabi moja huchukua "-er", ya silabi tatu na kuendelea huchukua "more". Yale ya silabi mbili husumbua, na kamusi nzuri itakuonyesha. Machache yenye asili ya Kilatini, kama "superior", "senior" na "inferior", hayataki "more" wala "than". Yanafuatwa na "to".

Kosa ninalolikuta zaidi katika tasnifu za vyuo vyetu ni la "compared to". Mwanafunzi anaandika "Girls performed better compared to boys", na msimamizi wake anapitisha. Chanzo chake ni "ikilinganishwa na", usemi uliozagaa katika taarifa za habari mpaka umeanza kuisukuma "kuliko" nje. Neno "better" limeshabeba ulinganishi, nalo linadai "than" na si kingine: "Girls performed better than boys". "Compared with" ina nafasi yake halali pale ambapo hakuna kivumishi linganishi na unaweka takwimu mbili ubavu kwa ubavu: "3.2 per cent, compared with 2.7 per cent in 2012".

Hapo tumeshaingia kwenye namba, na ndipo ulinganishi mbaya unapoumiza, kwa sababu uamuzi wa bajeti husimama juu ya sentensi hizi.

Tukae na takwimu hizo mbili. Kati ya sensa ya 2002 na ya 2012, watu wa Tanzania waliongezeka kwa wastani wa asilimia 2.7 kwa mwaka. Kati ya 2012 na 2022 wastani ukawa asilimia 3.2. Mtu akiandika "The growth rate rose by 0.5 per cent", amekosea. Nusu asilimia ya 2.7 ni kidogo mno. Msomaji anayefuata maneno yalivyo angepata kasi mpya ya 2.71 tu. Kilichopanda ni pointi 0.5 za asilimia, na Kiingereza kina maneno yake: "0.5 percentage points". Ukitaka kupima ongezeko hilo dhidi ya kasi ya awali, gawanya 0.5 kwa 2.7 upate karibu asilimia 18.5, kisha uandike "rose by about 18.5 per cent". Kenya ilikwenda upande wa pili. Kasi yake ilikuwa asilimia 2.9 katika sensa ya 2009 na 2.2 katika ile ya 2019. Imeshuka kwa pointi 0.7, au kwa karibu asilimia 24 ya kasi ya mwanzo. Sentensi zote mbili ni za kweli, ila moja inatisha na nyingine inatuliza. Mwandishi mwaminifu hutaja kasi zote mbili, "from 2.9 to 2.2 per cent", halafu msomaji ajipimie.

Neno "times" nalo lina mtego wake. Sensa ya 2022 iliikuta Zanzibar na watu 1,889,773. Dar es Salaam basi ina watu karibu mara tatu ya Zanzibar, na wengi huandika "nearly three times more people than Zanzibar". Kamusi ya matumizi ya Kiingereza ya Merriam-Webster inautetea usemi huo na kuona utata wake ni wa kufikirika. Sikubaliani nayo inapokuja ripoti yenye hesabu. Kitu kikitoka 100 kikafika 300, kimeongezeka kwa asilimia 200, na kwa Kiingereza hiyo ni "200 per cent more". Ukiandika "three times more" katika ukurasa uo huo, msomaji ana haki ya kuuliza kama unasema 300 au 400. Andika "three times as many as" na swali hilo halizaliwi. Mbaya kuliko yote ni "three times less". Mara tatu ya nini, ilhali tunapunguza? Zanzibar ina "about a third as many people as Dar es Salaam", basi.

Nitaje na mlima, kwa kuwa vipeperushi vya utalii huukosea. "Kilimanjaro is higher than any mountain in Africa" haiwezi kuwa kweli, kwa sababu Kilimanjaro wenyewe uko Afrika na hauwezi kujizidi. Lazima "any other mountain in Africa". Ila ukisema "higher than any mountain in Europe", neno "other" halihitajiki, kwa maana mita 5,895 za Kilimanjaro zinapimwa na milima ya nje ya kundi lake, ukiwemo Elbrus wenye mita 5,642.

Limebaki lile la kuacha upande wa pili kabisa. Maandiko ya kuomba fedha yamejaa "better seeds", "higher yields", "improved access". Bora kuliko zipi? Juu kuliko msimu gani? Mfadhili asiyeuliza leo atauliza siku ya tathmini, na hapo hakutakuwa na kigezo cha kupimia. Kutaja mwaka na mahali pa kuanzia hakuzidi maneno matano.

Kabla hujaituma rasimu yako, fungua kitafutio cha kompyuta uandike "than", kisha "compared", "times" na "per cent", moja baada ya jingine. Kila linapotokea, weka kidole kwenye pande zote mbili za ulinganishi. Upande mmoja usipouona, sentensi hiyo bado haijaisha kuandikwa.